Laisini katika Bonde la Ufa: Kutoka Kibuyu cha Maziwa hadi Gunia la Chakula cha Kuku

Mwili wa binadamu hujenga protini zake kwa aina 20 za asidi amino. Kumi na moja kati ya hizo mwili huweza kujitengenezea. Tisa zilizobaki lazima ziingie kwa mdomo. Laisini ni mojawapo ya hizo tisa, nayo ndiyo ya kwanza kupungua katika chakula cha watu wanaoishi kwa nafaka. Kazi zake ni nyingi: hujenga misuli, huungana na nyenzake kushikilia kolajeni ya ngozi, mifupa na kano, na ndiyo mwanzo wa karnitini, kiungo kinachosafirisha mafuta hadi sehemu ya seli yanapochomwa kuwa nguvu. Mwanamke wa Kimaasai anayetunga ushanga wa rangi nyingi husimamisha kazi rangi moja ikimwishia, hata kama nyingine zimejaa kibakuli. Mwili nao husimama vivyo hivyo laisini inapokwisha: asidi nyingine zilizobaki hazina pa kutungwa, nazo huchomwa na kupotea.

Kipimo cha mahitaji kinajulikana. Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika ripoti ya 2007, waliweka miligramu 30 za laisini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji gramu 1.8. Nusu kilo ya unga wa mahindi, ambayo ni ugali wa kumshibisha mtu wa kazi ngumu, humpa gramu moja na kidogo tu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe humpa gramu 2.5 hivi, na gramu 150 za maharage makavu humpa karibu 2. Hesabu hiyo ndogo imebeba ndani yake historia ndefu ya nchi inayolizunguka Ziwa Naivasha, kati ya Mlima Longonot, Eburru na vilima vya Olkaria. Hitaji la mwili halikubadilika kwa miaka 3,000. Kilichobadilika ni mahali lilipotimizwa, na kila mara kilibadilika kwa sababu ardhi ilibadilisha mikono.

Wakazi wa kwanza wa nchi hii walipata laisini kwa mshale na mkuki. Volkeno za Eburru na Olkaria zilitapika jiwe jeusi la kioo, kali kuliko chuma likichongwa vizuri, na wawindaji walilichonga kwa maelfu ya miaka. Kisha, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakaingia kutoka kaskazini wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Walizika wafu wao na vyungu vya mawe, wakaliendeleza jiwe lilelile jeusi. Lile la Eburru lilisafirishwa kilomita nyingi hadi nyanda za Mara. Uchunguzi wa mabaki ya mafuta katika vigae vya vyungu na wa protini katika ukoga wa meno ya kale, uliochapishwa 2020 na 2021, umethibitisha kwamba wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki walitumia maziwa. Na mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba uwezo wa watu wazima wa Kenya na Tanzania kumeng'enya sukari ya maziwa ulitokana na mabadiliko ya jeni yaliyozuka hapahapa, mbali na yale ya Ulaya. Maziwa yalikuwa yameanza kuchagua nani aishi na nani azae.

Zama za ufugaji zilidumu, ingawa wafugaji walibadilika. Katika Hyrax Hill, karibu na mji wa leo wa Nakuru, mahali Mary Leakey alipochimba kuanzia 1937, kuna makaburi ya wafugaji wa kale na, juu yake kwa wakati, mashimo ya mazizi ya jamii inayokumbukwa kwa jina la Wasirikwa. Baada yao, katika karne ya 17 na ya 18, Wamaasai walienea kuelekea kusini kupitia Bonde la Ufa. Chakula chao kinajulikana: maziwa mabichi na yaliyoganda katika vibuyu, nyama wakati wa sherehe na ugonjwa, na damu iliyotolewa kwenye mshipa wa shingo ya ng'ombe kwa mshale mfupi wenye kizuizi, ili usizame zaidi ya kiasi. Kwa jicho la kemia chakula hicho kilijaa laisini kupita haja, kwani kila gramu 100 za protini ya maziwa zina laisini gramu 8 hivi, na nyama haiko nyuma.

Hata hivyo, si kweli kwamba bonde na milima viliishi mbalimbali. Wakikuyu wa nyanda za juu upande wa mashariki walikula mtama, mawele, viazi vikuu na njahi. Mtama una laisini chache. Njahi ina nyingi. Wanawake wa pande zote mbili waliendesha biashara ya ngozi, nafaka na kunde hata vijana wao walipokuwa vitani. Hakuna aliyejua jina la asidi amino hata moja, lakini sufuria ya nafaka na kunde ilikuwa tayari imelitatua swali ambalo maabara za Ulaya zilikuwa bado hazijaliuliza. Kunde zina laisini na hazina methionini ya kutosha. Nafaka ni kinyume chake. Zikipikwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake.

Mwisho wa zama hizo ulikuja kwa msiba. Mwaka 1883 wageni wawili wa Ulaya, Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson, walifika Naivasha na kukuta makundi makubwa ya ng'ombe. Miaka minane haikupita kabla ya sotoka, iliyoshuka kutoka Pembe ya Afrika, kufyeka ng'ombe hao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ndui na njaa vikafuata. Jamii iliyopata karibu laisini yake yote kwa mifugo ilijikuta haina chochote mkononi, na familia nyingi zikakimbilia kwa wakulima kuomba hifadhi. Reli ya Uganda ilipofika Nakuru mwaka 1900, Waingereza waliona malisho yenye watu wachache wakadhani ni nchi isiyo na wenyewe.

Mkataba wa Agosti 1904, ambao kiongozi wa Kimaasai, Oloonana, alikuwa miongoni mwa waliouwekea alama zao, uliwaondoa Wamaasai katika bonde la Naivasha na Nakuru na kuwagawa kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini. Ule wa 1911 ukawahamisha wa Laikipia nao kwenda kusini, na kesi waliyoifungua kupinga ikatupwa 1913. Familia nyingine zilibaki au zikarejea pembezoni mwa mashamba ya walowezi, kwa kazi ya kuchunga ng'ombe wa watu wengine. Lord Delamere, aliyepata ardhi yake ya Njoro mwaka 1903, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Unga Limited mwaka 1908. Ng'ombe walibaki bondeni, ila maziwa yao sasa yalikuwa na safari nyingine: chama cha ushirika cha KCC, kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1925, kiliyageuza kuwa siagi ya kuuza.

Mfanyakazi wa shamba alilipwa fedha kidogo na posho. Posho hiyo ilikuwa unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, na maharage pale mwenye shamba alipopenda. Mahindi hayakuwa mageni kabisa; yalifika pwani na Wareno tangu karne ya 16. Lakini bara hayakuwa chakula kikuu. Ilikuwa katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20, kupitia mbegu nyeupe za walowezi, posho za mashamba na reli, na mahitaji ya Vita Kuu ya Kwanza, ndipo yalipoanza kuusukuma pembeni mtama. Njahi nayo ikarudi nyuma mbele ya maharage yaliyolimwa kwa ajili ya soko. Mahindi yalizaa sana, yalihitaji kazi kidogo, na maganda yake yaliyakinga na ndege. Kasoro yake haikuonekana kwa macho: karibu nusu ya protini ya punje ni zeini, na zeini haina laisini hata chembe.

Kasoro hiyo ilikuwa inagunduliwa wakati uleule mbali na hapa. Mwaka 1889 Mjerumani Edmund Drechsel alikuwa ameitenga laisini kutoka kwenye protini ya maziwa. Mwaka 1914 Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya zeini kama protini pekee, wakaona wanakonda. Walipoongeza triptofani panya waliacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongeza na laisini, wakakua. Jaribio hilo liliweka msingi wa kila kirutubisho cha nyongeza cha asidi amino kinachouzwa leo: si wingi wa protini unaoamua, bali kile kijenzi kimoja kinachopungua.

Kenya ikawa uwanja wa swali hilo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 mtaalamu wa lishe John Boyd Orr na mkuu wa idara ya tiba ya koloni, John Gilks, waliwapima Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ya 1931 ilisema kwamba mwanamume wa Kimaasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake Mkikuyu inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, wakahusisha tofauti hiyo na maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka upande wa pili. Wanahistoria wamewakosoa tangu wakati huo: waliwalinganisha watu wa asili na mazingira mbalimbali, wakapuuza kwamba Wakikuyu waliopimwa walikuwa wameshanyang'anywa sehemu ya ardhi yao. Lakini uzito wa utafiti huo katika siasa ulikuwa mkubwa. Orr alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1945, na Tuzo ya Amani ya Nobel akaipata 1949.

Ripoti ya Orr ilikuwa bado mpya pale Dkt. Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, alipoeleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi: miguu kuvimba, nywele kubadilika rangi, ngozi kubambuka. Ndio utapiamlo unaoitwa kwashiakori. Upande wetu, Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, aliupigania utambuliwe dhidi ya wakubwa waliodhani ni minyoo au upungufu wa vitamini, na mwaka 1954 akatoa na wenzake kitabu kikubwa juu yake. Miaka ya 1950 na 1960 ikawa zama za protini. Dunia iliaminishwa kwamba njaa ya Afrika ni njaa ya protini, na vyakula vya nyongeza vikabuniwa vya kila namna, vikiwemo vya kutia laisini ndani ya unga. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba imani hiyo ilikuwa kosa kubwa: mtoto anayekosa chakula cha kutosha huichoma hata protini anayopewa, kwa hiyo kijiko cha kirutubisho hakiwezi kushika nafasi ya sahani. Somo hilo lina uzito hata leo.

Kenya huru, kwa upande wake, iliyakumbatia mahindi moja kwa moja. Mbegu chotara za Kitale zilitolewa kuanzia 1964, na wakulima wadogo wakazipokea kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika zilipata kuiona. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson walitangaza mahindi yenye jeni inayopunguza zeini na kuongeza laisini karibu maradufu. Punje zake zilikuwa laini, zikipendwa na fukusi, na mavuno yake yalikuwa hafifu. Ilimchukua Evangelina Villegas na Surinder Vasal, wakiwa Mexico, miaka mingi kuyarekebisha, hadi wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Mbegu za namna hiyo zimefika Kenya pia, lakini mahindi ya kawaida bado yanatawala shambani. Sababu yake ni rahisi: mnunuzi wa gunia hulipia uzito, wala hakuna jicho linaloweza kuiona laisini ndani ya punje. Serikali ilitafuta njia nyingine. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa katika shule za msingi mwaka 1979, yalikuwa kirutubisho cha laisini kilichowafikia watoto wa shule bila kuitwa hivyo.

Ilikuwa Japani iliyoigeuza laisini kuwa bidhaa. Mwaka 1956 wanasayansi wa kampuni ya Kyowa Hakko walimpata bakteria anayetema asidi ya glutami anapolishwa sukari, na miaka michache baadaye jamii zake zikafundishwa kutema laisini. Leo viwanda vya China, Marekani, Brazili na kwingineko hutoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Biashara hiyo ilinona kiasi cha kuzaa mojawapo ya kesi maarufu za kupanga bei kwa siri: mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland ilikubali faini ya dola milioni 100 kwa ajili ya laisini na asidi ya sitriki. Na mlaji mkuu wa laisini hiyo si binadamu. Ni kuku na nguruwe.

Hapo ndipo tunarudi bondeni. Nakuru ni mji wa viwanda vya unga na vyakula vya mifugo, na mfugaji wa kuku wa Naivasha anaijua laisini kuliko madaktari wengi. Anayejichanganyia chakula huanza na mahindi na pumba, akaongeza mashudu ya pamba au alizeti, soya, na omena kutoka Ziwa Viktoria. Omena ndiyo laisini yake ya asili. Ikipanda bei au ikichanganywa na mchanga, kuku hupunguza mayai na vifaranga hudumaa. Ndipo anaponunua unga wa laisini dukani: chembechembe nyeupe hadi rangi ya mchanga, zinazoyeyuka upesi majini na kuvuta unyevu mfuko ukiachwa wazi. Ni chumvi ya haidrokloridi, na katika kila gramu 100 laisini yenyewe ni gramu 78 hivi. Huwekwa kilo chache tu kwa tani ya chakula, ikichanganywa kwanza na pumba kidogo ili ienee. Anayezidisha hapati faida, kwa kuwa kijenzi kinachofuata kwa uhaba, ambacho kwa kuku mara nyingi ni methionini, ndicho kitakachofunga njia.

Tangu miaka ya 1950 Olkaria yenyewe nayo ilikuwa inageuzwa tena. Visima vya kwanza vya mvuke wa jotoardhi vilichimbwa 1956. Mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 15, ukawashwa 1981. Mbuga ya Hell's Gate ikatengwa 1984. Tangu miaka ya 1980 mashamba ya maua yaliizunguka Naivasha na kuvuta maelfu ya wafanyakazi hadi makazi ya Karagita, Kamere na Kasarani, watu wanaonunua kila wanachokula. Mwaka 2014, mwaka uliozinduliwa mtambo wa Olkaria IV wa megawati 140, kaya zipatazo 150 za vijiji vinne vya Wamaasai zilihamishiwa makazi mapya ya RAPland. Zilipewa nyumba, shule na zahanati. Malalamiko juu ya ardhi, barabara na maisha yao yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kisha upatanisho ukafanyika. Kwa historia tunayoifuata, jambo kubwa ni hili: kila uzio wa bomba, kila shamba la waridi na kila kiwanja kipya cha makazi kilipunguza malisho, na familia iliyopungukiwa na malisho hununua unga. Mjukuu wa mnywa maziwa hula ugali na sukuma wiki. Mabadiliko yaliyoanza kwa mkataba wa 1904 hayajakoma.

Sheria nayo haijaliona pengo hilo. Tangu 2012 unga wa mahindi unaosagwa na kampuni nchini Kenya unapaswa kuongezwa vitamini, chuma na zinki. Asidi amino hazimo. Katika maduka ya dawa na ya wanamichezo ya Nakuru laisini huuzwa kwa vidonge, mara nyingi vya miligramu 500 au 1,000, kwa sifa mbili hasa: kujenga misuli na kuzuia vidonda vya midomoni vinavyoletwa na virusi vya hepesi. Sifa ya pili ilivuma tangu miaka ya 1970, kwa hoja kwamba laisini hupingana na ajinini ambayo virusi huihitaji. Mapitio ya baadaye ya tafiti hayakupata ushahidi wa kuridhisha. Sifa ya kwanza ni kweli kwa mwenye upungufu tu. Anayekula mayai, nyama na maziwa hana pengo la kuziba, na mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kujipimia kirutubisho chochote cha asidi amino pasipo daktari. Kwa hiyo kidonge hununuliwa na asiyekihitaji, naye mwenye pengo hana fedha za kukinunua.

Lakini bonde hili halikosi njia. Githeri ya mahindi na maharage ni jibu lilelile la mtama na njahi, na kwa bei ya laisini hakuna kidonge kinachoishinda. Maharage yanahitaji kuni na saa nyingi, ndiyo maana mfanyakazi wa maua anayerudi jioni huchagua ugali. Kwake uhaba wa laisini ni uhaba wa muda na moto. Moto, hata hivyo, ndio mali kuu ya nchi hii. Katika Eburru mvuke ulikausha pareto tangu enzi za walowezi. Katika Menengai, juu ya mji wa Nakuru, Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi ilianza mwaka 2015 majaribio ya kuchemshia maziwa kwa joto la ardhini ili yadumu. Kazi kama hizo zikienea, na zikisimamiwa kwa moto wa wastani, kwa sababu joto kali huunganisha laisini na sukari ya maziwa na kuiharibu, jotoardhi lililochukua malisho litakuwa limelipa sehemu ya deni lake kwa chakula. Na unga wa laisini wa kiwandani ubaki mahali ulipojithibitisha, ndani ya gunia la chakula cha kuku, na yai ndilo liilete mezani kwa watoto wa RAPland na Karagita.